Mkia wa Ng'ombe na Seli za Mbuzi

Mimi ni mkali. Nalisema mapema asije mtu akashangaa huko mbele. Wanangu wanalijua, majirani zangu wa Uyole wanalijua, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisikia geti linafunguliwa anaanza kutafuta mahali pa kuficha viatu vyake vyenye tope. Nimezaliwa upande wa Iringa, kijiji kimoja nyuma ya Nyololo, kwa mama ambaye sufuria likibaki na doa moja la masizi anaona aibu mbele ya wageni. Usafi nimeunyonya. Nimekuja nao Mbeya, nikaingia nao kazini maabara, na kwa miaka mingi umenipa heshima. Ndio huohuo nusura umkoseshe mtu shahada yake, na mtu mwenyewe hakuwa na kosa hata la kusingiziwa.

Kazi yetu wakati huo ilikuwa kukuza seli shina. Hizi ni seli ambazo bado hazijachagua kazi mwilini. Zikilelewa vizuri zinaweza kuwa mfupa, zinaweza kuwa gegedu, ule mfupa laini wa kwenye maungio, zinaweza kuwa mafuta. Tulikuwa tunazitoa kwenye uboho wa mbuzi. Mkuu wetu, daktari mmoja mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alitaka siku moja tuzibe pengo kwenye mfupa wa mbuzi aliyevunjika, na baadaye sana, Mungu akipenda, kwenye mguu wa mtu. Kwa jinsi bodaboda zinavyovunja watu miguu hapa mjini, hakuna aliyeuliza kazi ile ina faida gani.

Shida ya seli hizi ni kwamba zinadeka. Ukiziweka kwenye sahani tupu ya plastiki zinashika, lakini zinalala bapa na kusahau zilikusudiwa kuwa nini. Zinataka kitanda. Kitanda chenyewe ni jeli ya kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na mishipa migumu ya mnyama. Ndani yake unachanganya peptidi, yaani vipande vifupi sana vya protini, ambavyo kazi yake ni kuziambia seli, kwa lugha wanayoelewana wao, kwamba hapa pana mahali pa kushika, karibuni mkae mkue. Peptidi zilitoka nje ya nchi, unga kidogo kwenye kichupa, usiotosha hata kufunika ukucha. Kolajeni nayo ilikuwa inatoka nje, mpaka ikaisha, na iliyoagizwa ikakwama huko ilikokwama.

Nikamwambia mkuu asihangaike, tutatengeneza wenyewe. Kwenye mkia wa ng'ombe kuna nyuzi nyeupe ndefu. Unazivuta moja moja, unaziosha kwa spiriti, unaziloweka siku kadhaa kwenye asidi hafifu, ileile inayoipa siki uchachu wake, ndani ya friji, mpaka zinayeyuka na kuwa uji mzito. Siku ya kazi unausawazisha ule uchachu kwa dawa, tone kwa tone, unachanganya na peptidi na seli, kisha unaweka kwenye kabati lenye joto la mwili. Ukiwa umepatia, lile joto ndilo linaloigandisha jeli. Ukikosea tone moja, haigandi. Mambo haya nilikuwa nimeyasoma, na mikia si kitu kigeni kwangu.

Mwezi uleule kolajeni ya kununua ilipoisha, ndipo alipofika yeye.

Alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini, afisa mifugo, ametoka Ubaruku. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao zamani, kabla yeye hajazaliwa. Mwajiri wake alikuwa amempa ruhusa ya masomo, na kazi yake ya shahada ya uzamili ilikuwa hiyo jeli yetu: aoneshe kwamba seli zinashika na kukua ndani yake. Ruhusa ikiisha bila majibu, anarudi alikotoka mikono mitupu, na hakuna wa kumpa ruhusa nyingine. Alikuwa amemwacha mtoto wa miaka miwili kwa bibi yake kwa ajili ya jambo hilo. Mkuu akamkabidhi kwangu, nikampa kazi ya kusawazisha uchachu.

Alikuwa mtaratibu mno, na mimi watu wataratibu wananitia wasiwasi. Ukimuuliza swali anakuangalia kwanza, kama anayepima kama kweli unataka jibu. Asubuhi alinisalimia "shikamoo mama" huku akipiga goti kidogo, katikati ya maabara, na koti jeupe mwilini. Nilimwambia hapa hatupigi magoti, sakafu ina dawa. Akaacha, lakini kichwa akaendelea kuinamisha.

Jeli ya kwanza ilitoka kwenye friji imeganda inatikisika, nzuri, ungependa kuigusa. Na Mbeya ile ya mwezi wa sita, wenyewe mnaijua, hata nje ya friji iliendelea kuganda palepale mezani. Nikafurahi. Tukachanganya, tukaweka kwenye kabati la joto. Kesho yake tukakuta maji. Seli zote zimezama chini, zimejikunyata kama watoto waliofukuzwa shule. Nikamuuliza kama alihesabu matone. Akasema alihesabu. Tukarudia, maji. Tukarudia tena, maji. Nikamsimamia begani akihesabu, na mara ile pia yakawa maji, nikasema basi ni mikono, mikono yake ina joto, au anatikisa, au sijui nini. Nilibadilisha dawa. Nilibadilisha sahani. Nililaumu umeme, nikalaumu peptidi, nikamlaumu yeye, na huyo wa mwisho ndiye niliyemrudia kila siku, kwa sababu kabla hajafika mambo yalikuwa yanakwenda. Mgeni akija na mvua ikakatika, watu humwangalia mgeni.

Kitu kimoja tu sikukibadilisha, mkia. Mikia nilikuwa nanunua mwenyewe, kwa muuza nyama wangu wa Mwanjelwa, tumejuana miaka. Sikumtuma mtu. Nilikuwa nafika, namwambia anitengenezee vizuri kama kawaida, namsubiri huku tukipiga soga, ananifungia mkia msafi, mweupe, hauna hata unywele mmoja. Nikifika nao kazini nilikuwa nauonesha kabisa.

Kuna Jumatatu moja alirudi kutoka kwao na kifurushi. Akaniambia kwa ile sauti yake ya chini kwamba ameleta mkia wa ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ileile, mbichi, labda tungejaribu na huo. Nikafungua. Ulikuwa na ngozi yake na manyoya yake, na kule kwenye ncha tope la Usangu limekaukia. Jamani. Nilimwambia autoe upesi. Nilimwambia hapa ni maabara, si zizini. Nilisema kwa sauti, na kulikuwa na watu wanne mle ndani, wawili wakacheka. Alifunga kifurushi chake vizuri, akakitoa nje, akarudi akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaendelea na kazi. Tangu siku hiyo hakunipa tena wazo lolote. Mimi nikaona amejirekebisha.

Ruhusa yake ilipobakiza wiki chache, mkuu akaniomba taarifa ya maandishi. Angeipeleka kwenye kikao cha Jumatatu, waamue kama kazi yake isimamishwe. Niliandika kurasa mbili. Niliandika kwamba hana mkono wa maabara, kwamba jeli imeharibika kila mara aliposawazisha yeye, kwamba napendekeza asiendelee. Utaratibu wetu ni kwamba anayeandikwa lazima asome na kusaini, kwa hiyo Ijumaa mchana nikampa. Alisoma akiwa amesimama. Alisoma ukurasa wa pili mara mbili, kisha akaomba kalamu.

"Mama, nimesoma," akasema. "Naomba tu uongeze kwamba nilikuwa nawahi kila siku."

Nikaongeza. Ilikuwa kweli, na mimi si mtu wa kudhulumu. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumamosi alfajiri nikapanda basi kwenda nyumbani. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anapata kipaimara Jumapili, na kwetu kipaimara ni ng'ombe. Nilifika Nyololo mchana, baridi ile ya Mufindi inaingia mpaka kwenye meno, nikamkuta mama kashika fimbo yake uani anaamrisha wanaume wazima kama wanafunzi. "Kamwene," akanisalimia, na kabla sijamaliza kuitikia akaniambia nivue koti nifunge kanga, kuna kazi. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Kwa mama yangu kichwa, miguu na mkia haviingii jikoni vikiwa na manyoya. Vinababuliwa kwanza motoni, halafu vinachovywa kwenye maji yanayotokota, halafu vinakwanguliwa kwa kisu mpaka ngozi inakuwa nyeupe. Mimi ndiye niliyemimina hayo maji. Niliushika ule mkia kwa mikono yangu miwili, nikauzamisha, nikauacha humo tukiongea mambo ya msiba wa jirani, nikautoa, nikaukwangua. Nimefanya kazi hiyo tangu nina miaka tisa. Sikuwaza lolote.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisani, niliingia jikoni kuchota maji ya moto. Kwenye meza ya mbao kulikuwa na sufuria la supu ya miguu na mkia, lililopikwa jioni na kuachwa. Lilikuwa limeganda. Mama aliliinamisha, halikumwagika hata tone. Akacheka, akasema baridi ya mwaka huu haina adabu, akalibandika juu ya moto. Nikawa naangalia. Pembeni ikaanza kuachia, ikaelea, ikazunguka, ikawa maji.

Nikamwambia mama aitoe. Akauliza niitoe ili iweje, watu wanataka supu. Nikaitoa mwenyewe kwa ncha za kanga, nikaiweka nje ya mlango kwenye baridi, nikasimama nayo. Mama akaja na fimbo yake akasimama upande wa pili wa sufuria, ananitazama mimi badala ya supu. Nikamuuliza, mkia usipopitia maji ya moto kabisa, mbichi kabisa, utaganda hivi?

"Mbichi una nini cha kuganda?" akasema. "Kinachoganda kwa baridi ni kile kilichokwisha kuiva, mwanangu. Wewe si msomi?"

Nikakaa kwenye kizingiti. Kile nilichokisoma kwenye vitabu kikaja chote kwa pamoja, na kilikuwa rahisi kiasi cha kunitia aibu. Kolajeni mbichi inakaa uji kwenye baridi na kuganda kwenye joto la mwili. Ikishaguswa na maji yanayotokota inageuka kitu kingine: inaganda kwenye baridi, inayeyuka kwenye joto. Miezi yote ile nilikuwa naleta maabara mkia uliokwisha kupikwa, nafurahi ukiganda kwenye friji, halafu nashangaa unapoyeyuka kwenye kabati. Na muuza nyama wangu hakuwa na kosa. Nilikuwa nafika pale nasema nitengenezee vizuri kama kawaida, na kawaida ya mama mwenye heshima zake ni mkia uliobabuliwa, ukachovywa, ukakwanguliwa. Aliniheshimu, akanitengenezea. Nyani haoni kundule, walisema wenyewe.

Sasa nitasema na hili, ingawa si zuri. Nikiwa pale kizingitini, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba hakuna anayejua. Taarifa imeshasainiwa. Ningeweza kukaa kimya, yeye akaondoka, halafu mwezi unaofuata nikanunua mkia mbichi mahali pengine, jeli ikaganda, nikapongezwa. Niliona hata sura ya mkuu akinipongeza. Wazo hilo lilikaa kichwani kwa muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe cha chai.

Kanisani sikusikia mahubiri. Tulipotoka nikamwambia mama kwamba naondoka na basi la mchana, sikai kwenye sherehe. Akakasirika, kwa haki yake. Ndipo nikamweleza pembeni, nikiwa nimeshika kitasa cha mlango, kwamba kuna binti wa watu nimemwandikia maneno mabaya kwa kosa langu mwenyewe, na kesho asubuhi wanamhukumu kwa maneno hayo. Nilitegemea atanituliza, kama mama anavyomtuliza mtoto wake.

"Mtoto wa mtu?" akauliza. "Basi bado uko hapa unafanya nini?"

Nikapanda basi na mfuko wa pilau mapajani. Kuanzia Makambako mpaka Uyole nilikuwa napanga maneno na kuyapangua.

Kikao kilikuwa cha watu watano, na yeye akiwa wa sita, kwenye kiti cha karibu na mlango. Alikuwa amevaa gauni zuri la kitenge, nadhani aliona kama ni kuaga aage vizuri. Mkuu alikuwa ameshafungua taarifa yangu. Nikaomba niseme kwanza. Nikasema taarifa ile ina kosa kubwa, na kosa ni langu. Nikaeleza mkia, maji ya moto, supu ya mama. Mmoja alianza kucheka, akaniangalia, akaacha. Nilieleza mpaka mwisho bila kutafuta pa kujificha, maana mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha vya kutosha jikoni jana yake.

Mkuu akamgeukia yeye. Akamuuliza kama aliwahi kuhisi kwamba tatizo ni mkia.

Akasema kwamba kwao mkia huchunwa, hauchovywi, kwa hiyo alipoona ule mweupe akawa na shaka kidogo. Akasema aliwahi kuleta mmoja mbichi, ila wakati ule haukufaa. Akaishia hapo. Hakusema nani alisema haufai, wala kwa maneno gani, wala mbele ya nani. Angeweza kunimaliza pale pale na asingekuwa ameongopa. Basi nikasema mwenyewe. Niliwaambia kwamba nilimwambia hapa si zizini. Kusema vile mbele ya mkuu kulikuwa kugumu kuliko yote.

Wakampa wiki tatu. Akapiga simu kwao, na siku ya tatu mkia ukafika kwa basi la Ubaruku, umefungwa kwenye majani na mfuko wa salfeti, na manyoya yake yote. Nikamwomba anifundishe kuchuna. Alinifundisha kwa uvumilivu, mimi mzee wa maabara, nashika kisu kama nakata vitunguu, na mara moja tu aliachia tabasamu, nikajifanya sijaona. Tulivuta nyuzi siku nzima. Zilikuwa zinang'aa, hazifanani kabisa na zile zangu. Zilipolowekwa zikawa uji ambao haukuganda kwenye friji hata kidogo, na kwa mara ya kwanza nikafurahi kuona kitu hakijaganda.

Alisawazisha yeye. Sikusimama begani. Nilikwenda kwenye kona yangu nikajishughulisha na makaratasi ambayo hayakuwa na haraka. Tulipofungua kabati, aliinamisha sahani, na jeli ikabaki pale ilipo, nyeupe kidogo, tulivu. Nikasema loo. Yeye aliishika ile sahani kwa mikono yote miwili.

Siku ya nne tukaangalia kwenye hadubini. Zile seli za mbuzi zilikuwa zimeacha kujikunyata. Zilikuwa zimejinyoosha, zimetupa mikono yake huku na huku, zimeshika zile nyuzi palepale peptidi zilipokuwa zinaziita, na baadhi zilikuwa zinagawanyika, moja inakuwa mbili, nilikuwa nazitazama. Nimefanya kazi hii miaka mingi lakini siku hiyo nilifurahi mpaka nikasahau kumeza mate. Nikampisha aangalie. Aliangalia muda mrefu sana, nami kwa mara ya kwanza sikumharakisha. Baadaye mchana tukala ndizi na nyama pamoja, akanionesha picha za mtoto wake kwenye simu, ana mashavu, ana kiburi usoni, nikamwambia huyu atakuwa mkali kama mimi. Akasema Mungu apishe mbali, tukacheka wote.

Majibu yalipokuwa yametosha kwa shahada yake, mkuu akatuita ofisini. Mtu mpole yule, alikuwa amewaza jambo kwa muda. Alisema kwa yaliyotokea anaona ni haki ampe msimamizi mwingine kwa hatua iliyobaki, ya kuandika, na kwamba hakuna atakayemlaumu akikubali. Alisema hayo mimi nikiwepo, na alifanya vizuri. Nikatazama chini. Nilikuwa nimeshajiandaa kuitikia kwamba ni sawa kabisa.

Alimwangalia mkuu kwanza, akapima.

"Naomba nibaki na mama," akasema. "Yeye kosa lake amelisema mbele yangu. Wengine sijui kama watalisema."

Mkuu akaitikia kwa kichwa, akaandika. Mimi nikasema samahani, nina chupa za kuosha, nikatoka. Nilisimama kwenye sinki bomba likiwa wazi, nikalia kidogo, nikajipangusa kwa mkono wa koti. Chupa zote zilikuwa safi tangu asubuhi.